Njooni Kula, kwa Sauti Nne

Ukipita Gesima asubuhi yenye ukungu, utamsikia Manasseh Machogu kabla hujamwona. Huchuma majani chai kwa mikono miwili na kutunga kwa mdomo. Do-re-mi zake huziandika nyuma ya kalenda za mwaka uliopita, na kwa miaka ishirini na miwili ametunga nyimbo arobaini na moja za Misa. Kwaya yetu, ambayo yeye ndiye mwalimu wake, ilikuwa imeimba mbili tu, zote siku ambazo padre hakuja.

Si kwamba ni mbaya. Waumini wetu wanataka wimbo uliotoka Nairobi, uliokwisha kupigwa redioni, wenye kinanda cha kuziba masikio. Wimbo wa jirani unayemwona akiswaga ng'ombe utakupelekaje mbinguni? Ndivyo tulivyo, na mimi Edinah, mwimbaji wa sauti ya pili, sijitoi.

Kisha tukaletewa Padre Valentine, mtu wa Taita. Aliposikia kwamba askofu anakuja kutoa kipaimara, alisema wimbo wa Komunyo utungwe na mtu wa hapa hapa. Machogu alitoka mkutanoni akasahau kofia yake. Alikuwa na hamu moja tu maishani, na alikuwa amenieleza mara nyingi: kuwaona watu wamepanga mstari kwenda kumpokea Bwana, na miguu yao ikifuata mdundo wake.

Wimbo ukaitwa "Njooni Kula". Nilipouimba mara ya kwanza nililia, nasema wazi. Sauti ya nne huanza chini kabisa, kama mtu anayepiga hodi kwa adabu, halafu nyingine zinamfungulia mlango moja baada ya nyingine.

Shida ilikuwa herufi moja. Kikisii hakina L, kwa hiyo L ya Kiswahili ikifika mdomoni mwetu hutoka ikiwa R. Padre alikuja mazoezini akasikia watu arobaini wakiwaalika waumini kwa sauti nne: "Njooni kura! Njooni kura!"

Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akakoma ghafla, maana Abner Anyona, anayetafuta kiti cha wadi katika uchaguzi ujao, alikuwa ameomba nafasi benchi la mbele siku ya askofu, na Padre alikuwa ameapa kwamba siasa haitavuka mlango wa kanisa.

"Mwalimu, wimbo ni mzuri sana," alisema. "Lakini Jumamosi ya kabla ya askofu kuja nikisikia kura hata moja, tutaimba mwingine."

Akarekodi neno "kula" kwenye simu ya Machogu, akatuachia. Wiki mbili Machogu aliichezesha simu ile, akigonga meza kwa rula na kumkemea kila aliyeteleza. Ana masikio makali. R ya mtu wa kiti cha nyuma aliidaka. Ya kwake mwenyewe hakuwahi kuisikia. Sisi tulifuata simu, yeye akafuata moyo wake, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Utamwambiaje mtu aliyekufundisha kuimba tangu ukiwa Darasa la Nne?

Jumamosi Padre akaja kutupima. "Mwalimu, wewe kaa nje kidogo," alisema, "wasije wakakuangalia mdomo." Tukaimba kula safi, kula ya Taita kabisa. Padre akapiga makofi.

Jumapili kanisa lilifurika. Wakati wa Komunyo askofu alishuka ngazi za altare, na watu wakaanza kupanga mstari. Sehemu ya kuanzisha ni ya mtu mmoja, na huyo mmoja ni mtunzi mwenyewe. Machogu akafumba macho, akafungua kifua:

"Njooni kuuura!"

Nasi, kwa utiifu wa wiki mbili, tukaitikia: "Kula!"

"Enyi nyote, kura!"

"Kula!"

Beti nne nzima. Kura, kula, kura, kula. Sijawahi kusikia siasa za kaunti yetu zikielezwa kwa ufupi namna ile. Abner Anyona alisimama, akapunga mkono kulia na kushoto, akaketi. Askofu aliinamisha kichwa na mabega yakawa yanamtikisika. Padre Valentine hakucheka. Lakini mstari ulisonga, taratibu, kwa mdundo ule ule, na Machogu akafumbua macho akautazama huku machozi yanamtoka. Nilitamani beti ziwe kumi.

Baada ya Misa Padre akamwambia kwamba wimbo utapumzika hadi uchaguzi upite. Machogu akatugeukia.

"Padre anasema arisikia kura. Ni nani huyo?"

Watu thelathini na tisa wakatazama viatu vyao.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema.

Alinitazama kwa huzuni, akanisamehe palepale. Akaniagiza niende kwake kila Alhamisi anirekebishe, ili uchaguzi ukipita wimbo wake urudi altareni. Nimekwenda Alhamisi nne sasa. Persis, mkewe, hutuwekea chai mezani kisha hutoka haraka, leso mdomoni. Machogu huketi mbele yangu, na uvumilivu alio nao sistahili hata nusu yake.

"Fungua mdomo vizuri, Edinah," huniambia. "Siyo kura. Ni kura."