Siku Bibi Enid Alipotoka Njiani

Nilimwona mzee Wilfred akikanyaga maua, nikadhani macho yananidanganya.

Wanaomjua watanielewa. Huyu ndiye aliyepanga magogo pembeni mwa njia ya msitu wetu, ili watu wasiingie kwenye maua ya buluu. Yale yakikanyagwa huchukua miaka kurudi. Mtoto akitoka njiani, mzee humwambia, "Wewe, rudisha hiyo miguu kabla sijaizika hapo hapo."

Siku hiyo aliingia mzima mzima, na buti zake nzito.

Niwaeleze taratibu.

Wilfred na mkewe Enid ni majirani zangu, tumetenganishwa na ukuta tu. Kila mwanzo wa Mei, msitu ukigeuka buluu, walikwenda kutembea na chupa yao ya chai na mikate ya jibini.

Mwaka huu Enid alikuwa hamtambui mtu tena. Jumatatu ilikuwa apelekwe nyumba ya kutunzia wazee.

Mzee akaja mlangoni kuniomba niwaendeshe, maana macho yake yamegoma. Alitaka watembee mara ya mwisho, na Mungu akijalia, mkewe amtambue hata kidogo.

Tukaenda polepole. Enid alikuwa akimwita "bwana", kwa adabu zote, kama mtu anayemwuliza njia mpita njia.

Mara Enid akavuka gogo, akaingia kwenye maua.

Mama mmoja mwenye mbwa akaanza kumgombeza. Wilfred naye akavuka gogo, akamshika mkewe mkono, asigombezwe peke yake.

Nami nilikuwa karibu, nikasikia Enid akimwuliza.

"Bwana, unaweza kutunza siri?"

"Naweza, mama."

"Nilizaa mtoto wa kike, maua haya yakiwa yamechanua. Hakulia. Wakamchukua, hata uso sikuonyeshwa. Wakasema nenda nyumbani, utapata mwingine. Sikupata. Huwa nakuja hapa kumtembelea."

Wilfred akauliza, kwa sauti ya chini sana, kama mumewe anajua.

"Wala. Yeye anapenda maua, maskini. Alishamsahau mtoto. Nikimkumbusha atavunjika. Tafadhali usimwambie."

Mzee akanigeukia. Uso ule sitaki kuuona tena kwa mtu yeyote.

Garini Enid alisinzia. Ndipo Wilfred akaniambia kwamba maua kwake hayakuwa kitu. Aliyatunza kwa kudhani mkewe ndiye anayeyapenda. Mwezi aliozaliwa binti yao ukifika alimleta msituni apumue, naye akibaki nyuma kidogo, afute machozi.

Kwetu huku, enzi zao, msiba wa namna ile haukutajwa. Watu walichemsha chai, wakaongea habari za mvua.

Nikamwuliza alimjibu nini mkewe.

"Nilimwambia sitamwambia mumewe." Akatazama nje dirishani. "Nimeshatoa ahadi, nitafanyaje?"

Jumatatu ilifika, Enid akapelekwa.

Mzee huenda kumwona kila siku. Bado anaitwa bwana. Wanakaa karibu na dirisha, na yule bibi humsimulia mgeni wake habari za binti yake. Mgeni husikiliza kama ndiyo mara ya kwanza.

Ndugu zangu, ukimficha mwenzako machozi kwa kumhurumia, umemwacha naye alie peke yake. Kama wako bado anakutambua, mwulize leo kinachomliza.