Mkate Uliokataa Kushuka

Mwaka 2017 nilitibiwa saratani ya koo kwa mionzi hapa Johannesburg, na mate yakanikauka. Daktari alikuwa ametueleza mapema, mimi na mke wangu: tezi za mate ziko mashavuni na chini ya taya, mionzi huzipitia ikielekea kwenye uvimbe, na zikishaungua huenda zikapona kidogo baada ya miezi mingi, au zisipone. Kwanza mate yalivutika kama bamia. Kisha yakaisha. Ulimi uliganda kaakaani, fufu, ugali wetu wa muhogo, ikawa adhabu, nikawa natembea na chupa ya maji hata chooni.

Jambo rahisi kabisa. Lakini kanisani kwetu, mtaa wa La Rochelle, sisi Wakongo, hakuna jambo rahisi. Pale hata mafua yana mtu aliyeyatuma, na mume anayekwamwa na mkate wa Bwana ana uzinzi aliouficha.

Bingwa wa elimu hiyo alikuwa shemasi wetu, fundi simu. Simu ikiingia maji, huitumbukiza kwenye mchele na kukuambia urudi kesho. Kwa koo langu hakuhitaji hata mchele. Alitangaza kanisa zima lifunge kavu kwa ajili yangu, bila chakula wala tone la maji, na mgonjwa mwenyewe awe wa kwanza. Nilikunywa maji mbele yake, taratibu, nikimtazama usoni. Nilimdharau yule bwana na sikuona haya. Nilichoogopa ni kimoja tu, mke wangu asije akamwamini.

Jumapili ya kufungua mfungo, wangoja mlango walitaka chupa yangu, maana mfungo ungefunguliwa kwa Meza ya Bwana tu. Mke wangu aliniomba niwaachie, tusigombane na watu wa Mungu. Nikawaachia kwa ajili yake.

Ikafika Meza ya Bwana. Kwetu mkate hutangulia, na divai husubiri mpaka wote wamalize kula. Kipande changu kilikuwa kikavu kama sifongo. Nilitafuna, kikageuka donge, kikanata kaakaani. Shemasi akaona taya langu linavyohangaika.

"Ndugu, mukate ya Bwana inakataa kushuka!" akapaza sauti. "Iko kitu ndani!"

Wakanizunguka wakikemea pepo. Yule mpumbavu akanibana shingo palepale ngozi ilipoungua, jasho likimtiririka kwa bidii ya ujinga. Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Yeye alikuwa amenisindikiza kila siku ya mionzi. Alinisagia maharagwe, akaniamsha ninywe maji. Alimsikia daktari kwa masikio yake mwenyewe.

Alikuja. Nikamnyooshea mkono anipe maji. Akapiga magoti mbele yangu, machozi yakimtoka, akaushika ule mkono.

"Papa, ungama tu," akaninong'oneza. "Huyo mwanamke ni nani?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa mkate.