Tulivyopimwa Kabla ya Idd

Mzee alikataa kuvua joho. Karani wa uwanja wa ndege alimwomba kwa adabu, akamwambia joho lile la tarizi nalo lina uzito wake. Mzee akajibu kwamba lina uzito kweli, ndiyo maana halivuliwi ovyo. Akapanda mizani nalo, kilemba kichwani na bakora mkononi. Mizani yenyewe ilikuwa ya kupimia magunia ya karafuu na mbata, imewekwa karibu na mlango, kila mtu anaiona. Karani akasoma kwa sauti. Tukatazamana. Mzee mzima na mapambo yake yote hakufikia gunia la mchele.

"Mizani mbovu," akasema, akateremka.

Sanduku lake likapimwa baada yake. Lilikuwa zito kuliko yeye.

Hapo ni Moroni, zama za mamluki, Ramadhani inakwisha. Mimi nilikuwa nakwenda Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, kula Idd na mdogo wangu. Ndege ilikuwa ndogo, na ndiyo ya mwisho kabla ya sikukuu. Ikiniacha, Idd ningeila peke yangu na sufuria zangu, kama miaka yote iliyotangulia.

Mtu atauliza, kwa nini usipande boti? Sipandi chombo cha baharini. Meli iliyonitoa Mahajanga, mji wa ng'ambo tulikokuwa tukiishi, baada ya wenyeji kutuua sisi watu wa visiwa hivi, ilinitosha. Humo ndani tulilala juu ya maiti na juu ya wazima, na mimi na mdogo wangu tukapotezana bandarini. Yeye akaenda Nzwani na watu wa mumewe, mimi nikashushwa hapa Ngazija. Mume wangu mimi alikuwa ametoka kwenda sokoni asubuhi, hakurudi. Mtu aliyewaonyesha wauaji mlango wetu alikuwa jirani yetu muuza mikate. Nasema wazi, alikuwa muuza mikate, na mikate yake tuliila kila siku ya Mungu.

Huku nyumbani kwa babu zetu nako tukapewa jina la lile shirika la ndege lililowaleta wenzetu wengi. Mimi nilikuja kwa meli, nikaitwa ndege vilevile. Kwa hiyo siku ile nilipokata tiketi kwa pesa zangu za vitumbua, nilijiambia: haya, leo ndilo jina langu kweli.

Zamu yangu ya kupimwa ilipofika, karani alianza kucheka kabla sijapanda. Kijana huyo anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, na mama yake hanunui vitumbua kwa mtu mwingine.

"Bweni, panda polepole, usituvunjie mali ya serikali," akasema. Bweni ndivyo huku anavyoitwa mwanamke kwa heshima.

"Cheka tu. Nusu ya mashavu yako hayo nimeyanenepesha mimi."

Akasoma uzito wangu kwa sauti ya kusikika mpaka Iconi. Watu wakapiga makofi. Mimi nami nikainama kuwashukuru, nitafanyaje? Rubani, Mfaransa aliyekuwa akiandika kila kitu kiganjani kwa kalamu, akanitazama kwa furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta. Ndege yake, karani akatufasiria, inataka wazito mbele na wepesi nyuma, la sivyo inainua pua na kuanguka. Mimi nitakaa mbele kabisa, ubavuni mwa rubani. Mzee atakaa mkiani.

Tukangoja. Abiria wote tumefunga, midomo mikavu, lakini maneno hayakukauka. Mwanamke mmoja alikuwa na kuku wawili kwenye kikapu, akatuapia kwamba ni wepesi kwa sababu nao wamefunga. Mwingine alinukia asumini kiasi cha kututia wazimu kwa njaa, maana mimi nikiwa na njaa hata ua naliona chakula.

Kisha likaja gari la jeshi. Akashuka mmoja wa wale Wazungu wa kukodiwa waliokuja na bunduki, wakabaki kumlinda rais na kutukalia sisi shingoni. Mrefu, mwembamba kama mpapai, sare nyeusi, bastola kiunoni, sigara mdomoni. Ilisemekana amesilimu na ameoa huku. Moshi wake ukatupitia usoni, wote tuliofunga, mmoja mmoja.

"Huyu naye amefunga?" akauliza mwenye kuku.

"Amefunga mkanda," nikamjibu.

Tulicheka, kumbe kicheko changu kilikuwa cha kukaukia mdomoni. Mamluki alinong'ona na karani, pakiti ya sigara ikahama mfuko, na karani akaja kwangu akiangalia chini.

"Bweni, ndege imejaa. Utakwenda baada ya Idd."

"Imejaaje? Kiti changu umenipa mwenyewe."

"Afisa ana kazi ya haraka Nzwani."

"Kazi gani ya haraka siku hizi? Kwenda kula Idd ambayo hakuifungia?"

Akanipa mgongo. Mamluki akapita, akapanda, akakaa kiti changu cha mbele. Nikatoka na abiria wenzangu hadi kwenye uwanja na kikapu changu, sikujua nakwenda kufanya nini. Sikulia. Hasira zilikuwa nyingi mno hata kilio hakikuja. Jua lilikuwa limeanza kuelemea baharini, na uwanja wa Nzwani hauna taa. Rubani alikuwa akitazama saa yake kila mara.

Abiria wakapanda, isipokuwa mzee. Alisimama chini ya bawa, kaegemea bakora.

"Baba, panda, jua linakwenda," akamsihi karani.

"Nikae wapi?"

"Kiti cha nyuma. Kwa sababu wewe ni mwepesi."

"Mwepesi! Nimechinja ng'ombe nikalisha mji mzima siku ya ndoa yangu kubwa, leo niitwe mwepesi na mtoto?"

Kumbe kwenye kiti kilicho mbele ya kile cha mzee alikuwa amekaa shemeji yake, mtu mwenye mvi ambaye hajafanya ndoa kubwa. Na huku Ngazija mwanamume asiyeifanya ni mtoto hata akiwa na wajukuu. Barazani hakai mbele ya waliofanya.

"Nende mpaka Nzwani natazama kisogo cha huyu?" akasema mzee.

Wote wakambembeleza. Shemeji akajitolea wabadilishane, rubani akatikisa kichwa na kuonyesha kiganja chake kilichoandikwa. Mimi nikaona mlango wa bahati umefunguka kidogo, nikatia mguu.

"Haki yako, baba!" nikasema kwa sauti. "Ukiteremka nyuma yake, watu wa Mutsamudu watadhani wewe ndiye mchukuzi wa mizigo yake."

"Bweni, nyamaza!" akafoka karani.

"Sinyamazi. Mtu mkubwa anadhalilishwa, ninyamaze?"

Mzee akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Huyu mama wa Mahajanga," akasema, "ana akili kuliko nyote. Nishushieni sanduku langu."

Sanduku likashuka. Mzee akaondoka taratibu kuelekea kwenye gari lililomleta, kichwa juu, Idd yake ikimsubiri nyumbani kwake na watoto wake na heshima yake yote. Sikumwonea huruma. Mimi nikasimama palepale lilipotoka sanduku, nikamwambia karani, "Haya. Mzee hayupo, sanduku lake halipo, kiti ni kitupu na tiketi ninayo. Pima sasa."

Rubani hakungoja tafsiri. Alinitazama, akatazama kile kiti kitupu cha mkiani, akashtuka: mzito kama mimi huko nyuma, ndege ingeanguka. Akamwita mamluki kwa kidole. Mamluki akapiga kelele kwa Kifaransa, akagusa bastola. Rubani akanyoosha kiganja, akakiinua kama pua ya ndege, akakiangusha chini kwa mlio wa mdomo. Yule bwana aliyetutisha mji mzima akateremka, akazunguka, akajikunja mkiani, magoti yakigusa kidevu, kuku wa yule mama mapajani pake. Nilipanda mbele polepole sana. Nilitaka karani aone.

Tulitua Nzwani mwanga ukiwa haba. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye ukingo wa uwanja, amejifunga shiromani nyekundu, nguo ya wanawake wa huko, na mwanzoni nilidhani ni mama yetu. Tulishikana mpaka adhana ikaisha. Akanipa tende, akaitazama anga, akajipangusa macho.

"Mwezi umeandama? Wewe ulikuwa huko juu, dada. Uliuona?"

"Sikutazama."

"Ulikuwa karibu nao kuliko sisi sote, usiutazame?"

"Nilikuwa natazama chini," nikamwambia, "nakutafuta wewe."