Pikipiki ya Kaka Eric, na Aline Aliyenisitiri

Siamini bado. Aline hayupo, na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: siku ile milimani, mimi ndiye niliyeiangusha pikipiki. Si yeye.

Mnaonifuata hapa mnajua siongei sana. Leo najaribu.

Aline alikuwa jirani yetu mtaani Kabeza, hapa Kigali, amenizidi miaka sita. Nilipomaliza mtihani wa mwisho wa sekondari aliazima pikipiki ya kaka yake, Eric, akafunga hema nyuma. "Panda, sha, mdogo wangu! Umesoma ramani miaka yote hiyo, nchi yenyewe hujaiona." Ofisini alikuwa ameomba likizo ya siku tatu. Safari yetu aliiita "field work".

Tulipanda milima ya kaskazini mpaka barabara ikawa njia ya mbuzi. Kule juu nyumba nyingi ni tupu. Wenyewe walihamia kijiji kipya bondeni kwa sababu ya maporomoko ya udongo, wakaondoka na mabati yao. Zimebaki kuta.

Kila nyumba Aline alipiga hodi. Kweli! Alisimama mbele ya ukuta usio na mlango, akasubiri kidogo, ndipo tukaingia.

Jioni tuliona viazi vitamu nyuma ya nyumba moja. Tukachimba, tukachoma, tukashiba, tukasimika hema mle mle ndani ya kuta.

Asubuhi jembe likagonga hema. "Nani amelala chumbani kwangu?"

Alikuwa bibi mmoja, mwenye nyumba. Kumbe bondeni analala tu. Kila siku anapanda kulima shamba lake.

"Samahani, bibi. Tulidhani viazi vimejiotea."

"Mmeona wapi viazi vinavyojiotea kwa mistari, watoto wa Kigali?"

Aline alicheka mpaka akakaa chini. Bibi akampa jembe. Tulilima mpaka saa sita, Aline na helmeti kichwani, eti jua kali.

Tukishuka nilimwomba anipe usukani. Kona ya kwanza tu, nikaanguka. Tangi likabonyea, kioo kikavunjika. Nililia sana.

Akanifuta matope magotini. "Wewe uko mzima? Basi. Tangi haliumwi."

Kwa Eric alisema, "Ni mimi." Eric alikasirika, hakumwazima tena. Jumamosi nilikuwa namwona Aline getini, anaitazama pikipiki ikiondoka bila yeye. Siku moja nilifungua mdomo niseme ukweli mbele ya Eric. Aline akanikanyaga mguu.

Kisha ikaja homa, akalazwa, na kabla wiki haijaisha tukampoteza. Ile ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho na pikipiki, na sababu ni mimi.

Aline, dada yangu, hukunicheka hata siku moja kwa kuwa mwoga. Asante. Lala salama, mpenzi wa milima.

Eric hayuko kwenye mtandao huu. Jumapili baada ya misa nitakwenda kwao nimwambie, hata kama sauti itakatika. Ninyi mliosoma, tafadhali, hili libaki kwetu mpaka siku hiyo. Nataka alisikie kwangu.