Blanketi la Odette Thibodeau

Odette Thibodeau hana koti la mlimani. Ana blanketi. Ukimwuliza kwa nini, tafuta kwanza pa kukaa, maana maelezo yake ni marefu, na mimi nimeyasikia mpaka naweza kuyasimulia nikiwa usingizini. Ni blanketi la kijani, jepesi, nje kitambaa kisichopitisha maji, ndani pamba ya kiwandani inayotunza joto. Pembeni lina vifungo vya kubana, katikati lina mpasuo wenye zipu wa kupitisha kichwa. Alilipata kwenye mnada wa kanisa letu hapa Gorham, na tangu siku hiyo hatujapumua.

Mvua ikinyesha, analivaa. Tukikaa kula, anatandika. Usiku hemani anajifunika, asubuhi analikunja linakuwa mto wa kuegemea wakati anakunywa kahawa. Kule juu ambako miti imekwisha na mtu amebanwa na haja, Odette anakushikia blanketi kama pazia, tena anageuka upande wa pili kwa heshima zote. Jumamosi analizungushia sufuria ya maharage ya kuoka ili yakae ya moto mpaka watu watoke kanisani jioni. Wajukuu wakicheza magongo kwenye barafu, ndilo la kukalia. Nimeshamkuta amelifunga mlangoni kuzuia upepo.

"Shoga, wewe umebeba koti, mkeka, mwavuli na kiti," huniambia njiani. "Mimi nimebeba kitu kimoja."

"Na hicho kimoja kikilowa?"

"Hakilowi."

"Na kikipotea?"

"Kitapoteaje, Rolande, na mimi nimekivaa?"

Basi naachana naye. Huyu mwanamke alipika kwenye shule ya hapa mjini miaka na miaka, akiwaamrisha watoto wale karoti, na wakala. Mimi jirani yake ni nani hata nimshinde.

Milima yenyewe alianza kwa hasira tu. Alipostaafu, mdogo wake Normand alimwambia mezani, mbele ya watu, kwamba sasa atakaa kwenye kochi mpaka aote mizizi. Wiki iliyofuata Odette akapanda mlima wa kwanza, akarudi amechubuka viwiko, akampigia simu Normand kumwambia mizizi yake bado haijaota. Hapa New Hampshire tuna milima mirefu arobaini na minane, na wapo watu ambao hawatulii mpaka waipande yote. Odette akawa mmoja wao. Mimi nikaburutwa nyuma yake, na Normand naye, maana aliyetia chumvi kwenye kidonda alitakiwa abebe mizigo.

Ulipobaki mmoja, ulikuwa Madison. Ndio mlima wa nyumbani, anaweza kuuona akienda kununua maziwa, lakini aliuacha makusudi uwe wa mwisho, jinsi mtu anavyosogeza kipande cha nyama pembeni ya sahani. Na wa mwisho una taratibu zake. Marafiki wanapanda na wewe, mmoja anabeba keki, na keki haikatwi mpaka unyayo wako ukanyage jiwe la juu kabisa. Si jiwe la karibu yake. Hakuna mtu anayekuja kukagua. Unajitangazia mwenyewe, na ndiyo maana kudanganya hapa ni aibu kuliko kuiba kuku.

Tatizo lilikuwa magoti. Daktari alishampangia upasuaji mwezi wa kumi, yote mawili, na akamwambia wazi kwamba baada ya hapo atembee mjini, ashukuru, milima asahau. Kwa hiyo ilikuwa Septemba ile au basi. Odette alilijua hilo, na sisi tulilijua, na kila wikendi mvua ilinyesha.

Mwisho tukapata siku. Asubuhi ilikuwa safi, jua kali, majani ya miti yameshaanza kuwa ya njano. Normand alibeba keki ya karoti kwenye boksi, imeandikwa jina la Odette kwa sukari, na njia nzima alikuwa akilalamika kwamba anatembea kama bwana harusi. Odette alivaa shati, sweta jembamba, na blanketi lake limefungwa juu ya shanta. Nilimwambia achukue koti langu la ziada kwenye gari. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

Tulipanda pole pole. Magoti yake yalikuwa yanalia, nilikuwa nayasikia, naye alikuwa anaimba ili mimi nisiyasikie. Tulipotoka kwenye miti, upepo ukatupokea vibaya. Kibanda cha wapanda milima pale chini ya kilele kilikuwa kimeshafungwa kwa msimu, madirisha yamepigiliwa mbao. Odette akaingiza kichwa kwenye blanketi lake, akabana vifungo, akaonekana kama hema lililoota miguu.

"Cheka tu," akamwambia Normand.

"Sijacheka."

"Umecheka moyoni."

Kuanzia pale ni mawe matupu, unapanda kwa mikono na miguu. Ukungu ulikuwa unakuja na kuondoka. Ulipoondoka tulikiona kilele, karibu kabisa, ungeweza kumtambua mtu aliyesimama pale. Odette akasimama akakitazama. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya harusi yake, na mimi ndiye niliyemvalisha shela.

Ndipo tukamwona mtu amekaa nyuma ya jiwe.

Kijana wa miaka thelathini hivi, ndevu za miezi, kaptura, koti la mvua jembamba kama ngozi ya kitunguu. Tulijua mara moja ni wa aina gani. Ni wale wanaofuata njia ya milimani kwa miguu kutoka Georgia kusini hadi Maine kaskazini, miezi mitano sita, wanapita hapa kwetu kila mwaka na harufu yao inawatangulia dukani. Hawatumii majina yao, wanapeana majina ya njiani. Alikuwa anahangaika na zipu ya koti na vidole vilikuwa vinakataa.

"Hujambo, baba," Odette akamwambia. "Unaitwa nani?"

"Unyoya."

"La njiani hilo. Mama yako alikuita nani?"

Kijana akafikiri. Akafikiri tena. Moyo wangu ukashuka, maana mtu anayelitafuta jina lake mwenyewe ameshaingiwa na baridi mpaka ndani.

"Garrett," akasema mwishoni, ulimi mzito kama wa mlevi.

"Sweta lako liko wapi, Garrett?"

"Nilirudisha nyumbani. Kwa posta. Wakati wa joto." Akatabasamu kidogo. "Uzito."

Hao ndio watu wa njia ile. Wanapima kila kitu kwenye mizani ya jikoni. Wanakata lebo za nguo, wanakata mikanda ya mabegi inayoning'inia. Nikamwuliza kama na mpini wa mswaki aliukata, akaitikia kwa kichwa, tena kwa fahari, mtu anayekaribia kufa.

"Na blanketi?" akauliza Odette.

Akavuta kwenye begi lake kitu kilicholowa. Lilikuwa blanketi zuri hapo zamani, sasa limebaki nusu, limekatwa kwa mkasi na kushonwa pembeni. "Lilikuwa refu," akasema. "Miguu haihitaji."

Normand alisema neno ambalo sitaliandika.

Odette alikuwa ameshafungua vifungo. Tulimvua yule kijana shati lililolowa, Normand akampa sweta lake, na blanketi la kijani likamzunguka kuanzia kidevuni hadi kwenye magoti. Nikamshikia kikombe cha chai ya sukari maana mikono yake haikuweza. Odette sasa alikuwa amebaki na kisweta chake, na upepo unampiga, na mimi nikaanza kumvua Normand koti lake kwa ajili ya dada yake.

"Anahitaji kula kitu kitamu," nikasema. "Nina karanga."

"Hawezi kutafuna karanga huyu," Odette akasema. "Normand, fungua boksi."

Normand hakusogea. "Dada, bado."

"Nimesema fungua boksi."

"Tunaweza kumpa biskuti."

"Una biskuti?"

Hakuwa nazo. Odette akachukua kisu chake mwenyewe akaikata keki pale pale, katikati ya jina, akamlisha Garrett kwa vidole kama mtoto mchanga. Niligeuka nikajifanya natafuta glavu. Nilikuwa nalia, na katika upepo ule machozi yanauma.

Alipomaliza kipande cha pili akaanza kutetemeka, ikawa nafuu, maana awali alikuwa ameacha hata kutetemeka. Normand akainama sikioni kwa dada yake, lakini kwa sababu ya upepo ilibidi apige kelele, na sote tukasikia.

"Nenda. Kanyaga urudi. Sisi tuko naye."

"Kwa mwendo wangu huu, kwenda na kurudi ni saa nzima. Ukungu huo unauona?"

"Basi sisi tuanze kumshusha, utatukuta."

"Wewe na kiuno chako, na Rolande na woga wake wa mawe? Mtamwangusha shimoni." Akavuta pumzi. "Anahitaji wawili wa kumshika na mmoja wa mbele kumwonyesha pa kukanyaga. Sisi ni watatu. Hesabu ni hiyo."

"Mama, nenda," Garrett akasema toka ndani ya blanketi. "Nitakungoja."

"Wewe nyamaza, ule."

Akakitazama kilele mara moja. Najua alikuwa anakitaka, kwa sababu midomo yake ilicheza kama ya mtoto aliyenyimwa. Kisha akapiga magoti, akamfunga Garrett kamba za viatu, akasema haya, tushuke. Njia yote ya kushuka alikuwa mbele, anapiga fimbo kwenye jiwe salama, "Hapa. Sasa hapa. Hapo hapana." Hakugeuka nyuma hata mara moja. Tulipofika kwenye miti Garrett alikuwa anaongea vizuri, tena anaongea sana, na ndipo tukajua amepona.

Alilala kwa Odette. Alikula maharage sufuria nzima, na siku ya pili akala nyingine. Alipopata nguvu akamwomba Normand ampeleke pale chini ya Madison, apande upya mpaka kwenye lile jiwe tulipomkuta, ndipo aendelee na safari. Nilimwambia anaweza kupelekwa na gari hadi upande wa pili wa mlima, kuna ubaya gani? Akaniangalia kwa huruma. Watu wa njia ile hawaruki hata hatua moja. Akiruka kipande hicho, anasema, hajatembea kutoka Georgia, ametembea vipande vipande tu. Odette akamwelewa. Akampa na lile blanketi la kijani, akamwonya akilikata atamfuata hadi Maine na mwiko.

Huku mjini Normand alishaanza kuwatangazia watu kwamba dada yake amemaliza. Kanisani wakampigia makofi. Odette akasimama akasema, "Sijamaliza. Kaeni." Wakakaa. Kisha akaenda hospitali, wakamchana magoti yote mawili, na aliporudi nyumbani akawekwa kwenye kochi lile lile ambalo Normand alimtabiria. Hakuna aliyethubutu kulisema hilo. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha. Akipewa chakula anasema asante.

Simu ya Garrett ilikuja katikati ya mwezi wa kumi. Nilikuwa pale nakunja nguo, Odette akaiweka kwa sauti kubwa. Alikuwa ameshuka kutoka Katahdin, mlima wa mwisho wa njia yao, sauti imekauka kwa kushangilia.

"Nimefika, mama."

"Hongera, mwanangu. Blanketi liko zima?"

"Zima."

Odette akalaza kichwa kwenye mto. "Hebu niambie," akasema, taratibu. "Kule juu ya Madison kukoje?"



"Lile jiwe la juu kabisa sikulikanyaga," Garrett akasema. "Nililizunguka. Hatua kama tatu hivi."

"Ulilizunguka?"

"Keki yako niliila mimi, mama. Niliona si haki."

Niliacha kukunja. Odette alikuwa amefunika macho kwa kiganja.

"Garrett. Umetoka Georgia mpaka Maine kwa miguu, ukaacha hatua tatu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hujamaliza."

"Sijamaliza. Nitarudi. Nitalikanyaga siku utakayolikanyaga wewe."

"Mjinga wewe," Odette akasema. "Mimi nilikuwa nimeshakubali. Nilishamwambia daktari basi. Sasa umenifanyia nini?"

Hakungoja jibu, alikata simu. Alilia kidogo, akapenga kamasi kwenye taulo niliyokuwa nimeshaikunja. Kisha akaniambia nimpe magongo yake. Nikamkumbusha kwamba ngazi alikatazwa mpaka wiki ijayo. Akaniuliza kama nimekuja kukunja nguo au kumlinda, akajivuta hadi chini ya ngazi, akainua mguu wa kulia akauweka juu ya ngazi ya kwanza. Uso ulimjaa jasho. Alishika ukuta, akaniambia nisisimame tu kama mlingoti, nipite nyuma nimshike kiuno.