Neno la Siri la Foni

Nilikuwa fundi wa simu hapa Likasi mpaka simu zenyewe zilipokwisha. Nyaya za shaba ziliibwa nguzo baada ya nguzo, na hakuna aliyekuja kuzirudisha. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa karibu na soko akaleta foni, ile redio ya kusemezana na miji ya mbali, akaniweka niiendeshe. Antena tuliifunga juu ya paa, mashine tukaitia betri ya gari. Watu walikaa kwenye benchi wakingoja niwaitie ndugu zao.

Ilikuwa miaka ile familia za asili ya Kasai zilipofukuzwa mkoani kwetu, zikapanda treni kwenda nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Jirani yangu, mjane aliyeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni, hakuwa Mkasai, lakini binti yake wa pekee alikuwa ameolewa na Mkasai. Mume alipoondoka, binti akamfuata akiwa na mimba ya miezi sita. Walishukia Mwene-Ditu, huko Kasai. Tangu hapo yule mama alikuja kwangu kila asubuhi baada ya misa.

“Papa, habari ya mutoto wangu imefika?”

“Bado, mama. Njia imejaa.”

Sikumdanganya. Kulikuwa na watu waliokuwa wakiingia kwenye njia yetu ya mawimbi saa ileile ya Mwene-Ditu. Walikuwa wakipiga miluzi, wakiweka muziki, wakiita “mama, mama” kwa sauti za kuigiza, wengi kwa pamoja, mpaka mwenzangu aliyeendesha foni ya kule asisikike kabisa. Tajiri wangu alidhani ni wenye foni nyingine wanaotaka kutuvunjia biashara. Mimi sikujua, na hata leo sijui.

Basi nikapata wazo, nami nikajisifu kwalo. Nilipatana na mwenzangu wa Mwene-Ditu neno la siri, tukilibadilisha kila Jumatatu. Anayeita bila neno hilo simjibu. Nageuza kitufe, nahamia njia yetu ya pili. Baada ya wiki mbili wale wahuni walichoka. Benchi likajaa tena, na tajiri akanipongeza mbele ya watu.

Asubuhi moja mjane alikuwa amechelewa, kwa kuwa kulikuwa na maziko parokiani. Nikasikia sauti ya mwanamke, ndogo, imejaa mikwaruzo.

“Likasi, Likasi, unanisikia?”

“Sema neno.”

“Neno gani? Bwana yangu eko mugonjwa, ni minye niko hapa. Iko mutu anatafuta mama yake...”

“Bila neno sipokei. Toka kwenye njia.”

Nyuma yake sauti nyingine, nyembamba, ikasema, “Mama.” Nikawaza: ni walewale, wamerudi. Nikageuza kitufe.

Siku nne baadaye mwenzangu alipata nafuu, akaita kwa neno sahihi. Kwanza alinisomea habari: binti wa muuza sombe amejifungua mtoto wa kike, kisha damu haikukatika, amefariki. Halafu akaniuliza kwa nini nilimfukuza mke wake. Alisema asubuhi ile binti mwenyewe alibebwa kwa baiskeli hadi kwenye foni kwa sababu alililia sana kumsikia mama yake.

Ningeweza kumpa mjane habari ya kifo tu. Nilifunga mlango, nikaenda kwake. Alikuwa akitwanga sombe. Nilimwambia yote, pamoja na kitufe.

Hakulia papo hapo. Aliweka mchi chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

“Weye ulimusikia?”

“Nilimsikia, mama.”

“Alisema nini?”

“Alisema: mama.”

“Ile tu?”

“Ile tu. Ni minye niliikata.”

Akaketi chini na kusema, “Sauti yake ilikuwa na nguvu?” Nikajibu kwamba ilikuwa nyembamba. Ndipo alipolia, na majirani wakaingia, nami nikasimama ukutani kwa sababu sikujua kama nilikuwa na haki ya kuketi na wafiwa.

Wiki ile nililifuta neno la siri. Wahuni wakarudi baada ya muda mfupi, wateja wakapungua, na kabla mvua hazijakwisha tajiri aliuza mashine. Sikumweleza sababu yangu, naye alinihesabu mpumbavu.

Mjukuu aliletwa na babu wa upande wa baba akiwa ameshaanza kutambaa. Mjane alimlea. Tulipokutana njiani alinisalimu kama zamani, akaniuliza habari za nyumbani, lakini kuhusu asubuhi ile hakuniuliza tena neno lolote. Mara nyingi nilitamani aniulize.