Dakika ya Sita

Mwenzangu wa chumba cha MRI tunamwita Bibi Tulia, maana kutwa nzima hana neno jingine. "Tulia. Usijibu. Tulia tu." Miaka kumi na minne analisema kwenye maiki kwa sauti ileile kavu. Majirani zake waliposikia anapiga picha hospitali, walimuuliza kama anapiga na za paspoti. Aliwajibu kwamba anapiga, ila zake hazionyeshi sura.

Mimi ni muuguzi, kazi yangu pale ni sindano. Waliopata kiharusi huwa tunawapima uvujaji. Mishipa ya ubongo ina kuta zinazozuia vitu vya kwenye damu visipenye ovyo, na kiharusi huweza kuzilegeza. Tunapiga picha za mwanzo, nachoma dawa ya rangi, halafu mashine inapiga tena na tena kwa robo saa ili tuone rangi imepenya kiasi gani. Robo saa hiyo kichwa hakitakiwi kusogea hata kidogo. Ndiyo maana siku yangu ya kwanza Bibi Tulia alinipa sheria moja: mgonjwa akiwa ndani, usimuulize swali. Mtu akiulizwa, kichwa kinajibu kabla ya mdomo.

Jumanne asubuhi akaletwa kaka mkubwa wa Bibi Tulia, fundi viatu, ndiye aliyemlea tangu wazazi wao wafariki. Alikuwa mtu wa maneno, angeweza kupiga soga na kiatu alichokishika. Kiharusi kilimnyang'anya maneno yote, kikamwachia kichwa tu, cha kukubali na kukataa. Moyo wake ulikuwa ukitoa mabonge ya damu, na daktari alitaka kumwanzishia dawa ya kuzuia damu kuganda siku hiyohiyo, kabla kiharusi cha pili hakijafika. Ila kama kuta zinavuja sana, dawa hiyohiyo ingemvujisha damu ubongoni.

"Nipeni kipimo kabla ya saa sita," daktari alisema. "Bila kipimo sithubutu."

Nilimshauri Bibi Tulia amwachie mwingine kazi hiyo.

"Mwingine wa nini?" alinijibu bila kunitazama. "Huyu ni mgonjwa wa tatu leo."

Nilimkasirikia, sifichi. Alimfunga kaka yake visikizio masikioni kama anavyomfunga mtu yeyote, akamshikisha kipira cha kubonyeza akizidiwa, akatoka. Picha za mwanzo zikatoka vizuri. Nikachoma dawa. Dakika ya tatu, kimya. Dakika ya tano, kimya. Dakika ya sita Bibi Tulia akabonyeza maiki.

"Kaka, uko sawa?"

Sijui lilimtokaje. Nadhani hata yeye hajui. Kupitia kioo tulimwona kaka mtu akiitikia kwa kichwa, mara mbili, kwa adabu.

Kwenye skrini picha ziliruka, za kabla na za baada ya sindano hazikulingana tena. Kurudia tusingeweza, rangi ilikuwa imeshaingia kwenye damu na ilitaka karibu siku nzima kutoka. Bibi Tulia alimpigia daktari simu mwenyewe.

"Nimeharibu kipimo. Nilimuuliza swali."

Daktari akajibu: "Basi kesho saa mbili asubuhi. Dawa itasubiri."

Tulipomtoa, alimwambia kaka yake, "Umefanya vizuri." Akaitikia tena. Nikatazama pembeni.

Kiharusi cha pili hakikusubiri saa mbili. Tulipofika kazini tulikuta kimempiga alfajiri. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumfuata mtu. Daktari alitaka kipimo hata hivyo, ajue kama bado kuna la kufanya. Bibi Tulia hakulia wala hakuomba ruhusa. Alivaa koti lake, akanawa mikono, akamfunga visikizio. Kipira hakumshikisha.

Nilichoma dawa, nikaja kukaa kando ya Bibi Tulia. Safari hii hakusema tulia. Dakika ya sita alibonyeza maiki.

"Kaka, uko sawa?"

Sikumkataza. Aliuliza tena dakika ya nane, akauliza ya kumi na mbili, kwa sauti yake ileile kavu, macho kwenye skrini.

Picha zilitoka safi, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.